Kipimo cha Haitham

Simama wima, mwanangu, usijivute kwa vidole.
Futi haidanganywi, na baba yako hafai kudanganywa.
Kutoka bega hadi kifundo: mia moja na tisa.
Mwaka jana, kabla cheki hazijarudi,
ulikuwa tisini na nane. Ipo humu,
kwenye daftari la kijani, chini ya jina la Suud,
ambaye kifua chake kilinimalizia kitambaa
na ujira wangu alinilipa siku ileile,
akaniachia na bakuli la halua.

Watu wa Maabela hilo hawalisemi.
Wanasema duka la matairi,
wanasema saini tatu kwenye cheki tatu,
wanahesabu riali zisizo zao
huku kikombe cha kahawa kinazunguka.
Mimi fundi cherehani. Nahesabu sentimita.

Mama yako kaniomba niseme yuko Salala, kazini.
Nimesema mara mbili.
Ya tatu, ulikuwa unanitungia uzi kwenye sindano,
macho yangu siku hizi hayalioni tundu,
ukanambia bila kuinua kichwa:
"Bi Zuwena, Salala hakuna kioo katikati."
Uzi ukapita.
Mimi nilikwama.

Jumanne ile nikafunga cherehani, nikawapakia.
Gari langu halina ubaridi, mnajua,
Azza kalala juu ya mkoba wa skuli mdomo wazi,
Rayya kashika vitambulisho vyote vinne
kama mtu aliyeshika vifaranga.
Njia ya Sumaili ni milima mitupu,
milima haina hata jani la kumwonesha mtoto,
ukasema, "Ule ni ngamia kalala," nikasema ndiyo, ngamia.

Mlangoni mkate wangu wa kumimina ulikataliwa.
Askari mwenyewe kijana, ndevu hazijakaa sawa,
kaurudisha kwa mikono miwili,
"Mama, niwie radhi, hakiingii chochote."
Chochote?
Nikakuinamia sikioni.
Namba haina uzito. Namba haipekuliwi.
Nenda nayo.

Mimi si jamaa, sikuingia.
Nilikaa nje na mkate unaotoa harufu.
Yaliyobaki nimesimuliwa na Azza,
aliyekula dakika nne nzima
kumweleza baba habari za jino lake.
Rayya alianza habari ya umeme, akaikata,
akauliza kama wanapewa mashuka safi.
Kisha simu ikaja kwako
na wewe, bila salamu:
"Mia moja na tisa."
Hakuelewa. Ukarudia, ukajigusa bega, ukagusa mguu.

Azza anasema baba aliinuka,
akageukia ukuta, akaanza kupima shubiri toka sakafuni,
moja, mbili, tatu, nne, tano na kidogo,
akaacha kiganja pale pale
mpaka wakamwambia muda umekwisha.
Hakulia, anasema Azza. Alikuwa anapima tu.

Sasa sikia. Umeme umelipwa, usiulize nani.
Kitambaa hiki mita tatu kakileta Shafiqul wa dukani kona,
Mbangali ambaye naye hajaona wanawe miaka mitatu,
kakiweka mezani, kaondoka akijifanya kasahau.
Na jina la baba yako limo kwenye orodha
ya wanaolipiwa madeni Ramadhani,
ila orodha ni ndefu, nisikufiche,
nimeshasema Salala mara mbili, sitaki ya tatu.

Wakili anataja miezi minane.
Nimeacha upindo vidole vinne.
Ukirefuka nautatua, nashusha, napiga pasi,
alama ya mkunjo itabaki kidogo, haidhuru,
nguo ya mtoto yeyote huwa na alama hiyo.
Ukizidi vidole vinne,
hapo sijui, hapo tutaunga.

Haya, furaha ya shingoni unataka ndefu au fupi?
Ndefu kama ya baba. Vyema.

Azza, sogea, zamu yako.
Ndiyo, na wewe utakuwa na namba.
Na wewe usijivute.